Kupiga na kutuma picha ya Jiwe la Bismarck

Jiwe la Bismarck liko ndani ya Ziwa Victoria, jijini Mwanza. Nenda upande wa kituo cha kivuko cha Kamanga kilichopo mjini, kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Hapo unatazama magharibi, hivyo jua liko mgongoni mwako na mipasuko ya mawe inaonekana vizuri. Jioni jua huwa nyuma ya jiwe, nalo hutoka jeusi tii. Ukiupenda weusi huo, gusa anga kwenye skrini, shusha mwanga kidogo, usubiri jua lizame, karibu saa moja jioni.

Kabla ya yote futa lenzi kwa kitambaa cha pamba. Alama ya kidole hutia ukungu picha nzima. Washa mistari ya gridi, la sivyo ziwa litainama kama linamwagika.

Kutuma ndiko wengi wanakoharibu. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo itume kama faili. Chagua tatu, si arobaini. Chini ya kila moja andika mahali, tarehe, waliokuwepo, na jambo moja lisiloonekana: harufu ya sato wa kukaanga, honi ya kivuko. Bila maneno hayo, miaka kumi baadaye linabaki jiwe tu. Picha zenye watoto, omba ruhusa kwa wazazi na uzime loksheni.