SOMO: Wiki ya likizo na mtoto wa mbwa msimu wa baridi

Wakuu, salaam. Kila Juni ikiingia naulizwa jambo lilelile: "Nimechukua likizo ya wiki, nimeletewa mtoto wa mbwa, nifanyeje?" Nimejibu kwa simu, nimejibu gengeni, juzi nimejibu hadi msibani. Sasa naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Huku Njombe Juni na Julai hazina utani; kuna siku ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Ni wakati mzuri wa kukaa ndani na mtoto wa mbwa, maana kazi yake kubwa ni kulala, saa 18 hadi 20 kwa siku. Kinachoharibu likizo ni mwenye nyumba kugeuza wiki kuwa sherehe: majirani waje kumwona, watoto wampokezane, muziki juu. Akilala, na wewe lala. Utarudi kazini umepumzika kuliko aliyepanda basi kwenda kusalimia ukweni.

Hatua ya 1: Umri. Wiki nane. Chini ya hapo mwache kwa mama yake, hata kama mwenye mbwa anakuharakisha.

Hatua ya 2: Kabla ya kumchukua. Peleka kipande cha gunia au kanga kuukuu, walalie yeye, mama yake na wenzake kwa siku moja au mbili. Kitarudi kinanuka. Usikifue. Hicho ndicho atakachokilalia usiku wa kwanza.

Hatua ya 3: Chakula. Mara tatu hadi nne kwa siku, kidogo kidogo. Uji mzito wa dona na dagaa waliosagwa, yai la kuchemsha, vipande vya maini. Alichozoea kule alikotoka mpe kwanza, kisha ubadilishe taratibu. Maziwa mengi ya ng'ombe yatamharisha. Vitunguu, chokoleti, zabibu na mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Na mchuzi uliobaki una kitunguu, kwa hiyo nao hapana.

Hatua ya 4: Daktari wa mifugo. Siku za mwanzo kabisa. Dawa ya minyoo mtoto hupewa kila wiki mbili hadi afike wiki 8, baadaye kila mwezi mpaka miezi sita. Chanjo ya parvo na distempa (magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa) inaanza wiki ya 6 hadi ya 8 na inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa ni miezi mitatu. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo kabla chanjo hazijakamilika usimshushe wanapopita mbwa wa mtaani. Ila usimfungie ndani pia. Mweke kwenye kikapu, mpitishe sokoni asikie bodaboda, aone wazee wenye fimbo na watoto wa shule. Asichokizoea kabla ya wiki ya 14 hivi, atakuja kukiogopa ukubwani.

Hatua ya 5: Joto. Boksi la mbao au katoni nene, liwe juu kidogo ya sakafu ya saruji. Jaza chupa maji ya moto (yasiwe yanachemka, chupa ya plastiki itajikunja), izungushie kitenge, iweke upande mmoja tu ili akisikia joto limezidi aweze kuihama.

Jiko la mkaa lisilale chumbani. Nasema hili kwa ajili yako kuliko hata ya mbwa. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala moshi wa kukushtua, na kila baridi ikishika tunazika watu kwa sababu hiyo. Ota moto jioni, kisha jiko litoke nje kabla hujafunga mlango. "Nitaacha dirisha wazi kidogo" si jibu.

Hatua ya 6: Choo. Akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza: nje, sehemu ileile kila mara. Simama kimya, akimaliza msifu palepale. Kisio ni umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kujizuia. Wa miezi miwili ni saa tatu. Usiku utaamka. Akichafua ndani futa kwa maji na siki, harufu isimrudishe pale. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kujificha, basi.

Hatua ya 7: Kuachwa peke yake. Hapa ndipo nilipoharibu na mbwa wangu wa kwanza, kwa hiyo soma polepole. Wiki nzima uko nyumbani. Analala juu ya miguu yako, anakufuata jikoni, ukiingia chooni anakaa mlangoni ananusa kwa chini. Unafurahi kwamba anakupenda. Jumatatu unavaa viatu, unafunga mlango, na yeye tangu aje hajawahi kuiona nyumba isiyo na wewe. Atalia mpaka sauti ikauke, atakwangua mlango mpaka kucha zitoke damu, na jirani atakupigia simu uko kazini.

Anza siku ya pili. Ameshakula, ameshakojoa, macho yanalegea: mweke pale atakapokuwa anakaa siku za kazi, mpe kitu kigumu cha kutafuna (kiatu kikuukuu hapana, hajui tofauti ya kikuukuu na cha kanisani), kisha toka. Usimuage, usimwonee huruma. Rudi kabla hajaanza kulia. Mara ya pili kaa nje muda wa kuchemsha chai, kesho yake muda wa kwenda dukani, halafu muda wa kwenda mashineni kusaga na kurudi. Akinung'unika kidogo akanyamaza, sawa. Akipiga kelele zinazozidi, mate yanamchuruzika, anajigonga mlangoni, umekwenda haraka mno: rudi nyuma hatua mbili na uanze upya. Kumchapa kwa kulia kunaongeza hofu juu ya hofu.

Na ukirudi kazini, bado hawezi kukaa kutwa. Tafuta mtu wa kupita mchana, hata kijana wa jirani kwa hela ya maandazi. Kama mtu huyo huna, mbwa huyu si wa mwaka huu.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Makambako: Asante mkuu. Sasa anakula mara ngapi?

Jibu: Hatua ya 3.

Mdau wa Makambako: Nimeuliza tu, si lazima uwe mkali.

Jibu: Si ukali. Nimeandika ili nisiandike tena.

Mama Wawili: Kaka, wangu anatulia jioni yote, lakini saa nane usiku ndiyo anaanza kulia. Hana njaa, ameshakojoa. Kwa nini saa hiyo?

Jibu: Swali zuri dada. Jioni anaweza kutulia kwa sababu nyumba ina sauti na moto umewaka. Saa nane vyote vimekwisha, chupa yako nayo imepoa, na kwa mama yake alikuwa analala katikati ya wenzake. Mguse masikio na miguu. Yakiwa baridi, badilisha maji ya chupa. Kisha sogeza boksi karibu na kitanda, ushushe mkono asikie harufu yako, bila kumtoa wala kumwongelesha. Kila baada ya siku chache sogeza boksi kidogo kuelekea atakapolala moja kwa moja. Akilia huku anatapika, anaharisha au amekataa kula, hayo si ya boksi tena: asubuhi uwe kwa daktari.

Mlinzi wa Geti: Mimi nataka awe mkali. Nikimfungia gizani na pilipili kwenye chakula si itasaidia?

Jibu: Pilipili itamuumiza tumbo. Mbwa aliyekulia gizani anaogopa kila kinachotembea, na wa kwanza kung'atwa ni mwanao aliyempelekea chakula.

Mlinzi wa Geti: Babu yangu alifanya hivyo.

Jibu: Sawa.

Mfugaji Mafinga: Nina dawa ya kuogeshea ng'ombe imebaki. Ana viroboto, nimpake?

Jibu: USIMPAKE. Nyingi za hizo zina amitrazi au dawa nyingine kali iliyopimwa kwa uzito wa ng'ombe, na mtoto wa mbwa anaweza kufa. Kitana chenye meno ya karibu na bakuli la maji ya sabuni: chana, tumbukiza viroboto, rudia kila siku, fua matandiko kwa maji ya moto. Daktari atakupa dawa inayolingana na umri wake. Na panado msimpe pia, kabla hamjauliza.

Kijana wa Limuru: Huku kwetu Julai ni kama friji. Ananuka kweli, ataoga lini?

Jibu: Si wiki hii. Mpanguse kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, mkaushe palepale mpaka manyoya ya tumboni yakauke. Wengi wananuka kwa sababu ya matandiko.

Mdau wa Minnesota: Kwetu likizo ni Krismasi, theluji imefika magotini. Namtoa nje anasimama anatetemeka, akirudi ndani anakojoa kwenye zulia. Nimekwama.

Jibu: Pole ndugu yangu. Futa theluji kwenye kipande kidogo mpaka nyasi zionekane, theluji ni ngeni kwa miguu yake. Mbebe mpaka pale, kaa naye dakika chache. Asipofanya rudi naye ndani ukiwa umemshika, kisha umtoe tena baada ya muda mfupi. Akishafanya ndipo awe huru nyumbani. Futa nyayo kila akirudi, chumvi ya barabarani inachoma na akiilamba inamdhuru. Na angalia gereji: maji ya rejeta yasiyoganda ni matamu, kiasi kidogo tu kinaweza kuua figo.

Mdau wa Minnesota: Hilo la rejeta sikulijua. Nakwenda kuangalia sasa hivi.

Mzee wa Uwemba: Vijana, mnasahau matandiko ya banda. Kwa banda la nje msiweke nguo, zinashika unyevu na usiku zinakuwa barafu. Wekeni mabua makavu ya ngano, na mlango uangalie upande usio na upepo.

Jibu: Shikamoo mzee. Kweli kabisa, nami nilipaswa kuliandika. Ila banda lisubiri akue, baridi hii alale ndani. Mabua hayo kwako yapo?

Mzee wa Uwemba: Marahaba. Yapo tele. Njoo Jumamosi, uje na kamba yako ya kufungia.

Mama Wawili: Mzee, na mimi naomba mzigo mmoja.