Umechoka na mabosi wa timu yako? Fanya hivi

Timu ikifungwa tu utasikia "muwekezaji aondoke", watu wanatukana mpaka saa nane usiku, asubuhi kimya. Kwanza lipia kadi ya uanachama. Bila kadi hai kelele zako zinaishia kijiweni. Kwa klabu za wanachama kama Simba na Yanga kanuni za BMT (Baraza la Michezo la Taifa) zinataka wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi 49, yani kwenye karatasi timu ni yenu, ila 51 ya watu wasiokuja mkutanoni ni sawa na sufuri.

Halafu ingia tawi, maana mtu mmoja akipayuka anaonekana mlevi ila barua ya tawi yenye muhuri wanaisoma. Soma katiba ya klabu, hasa ajenda za mkutano mkuu zinapelekwa lini. Siku ukishika maiki usiulize "kwa nini tunafungwa", watakwambia mpira una matokeo matatu. Uliza hesabu zilizokaguliwa ziko wapi, hela ya jezi imeingia shilingi ngapi, yule straika aliyevunjiwa mkataba kalipwa kiasi gani na nani alimleta. Hapo ndo utaona mtu anaomba maji.

Kususa na maandamano? Mi siamini sana. Mashabiki wa Manchester United walivaa skafu za kijani na dhahabu 2010 kuipinga familia ya Glazer inayomiliki klabu, 2021 wakavamia Old Trafford mpaka mechi na Liverpool ikaahirishwa, na familia bado ipo. Wale hawana hata kura, we unayo na kadi yako imeisha muda.