Hata kama una kihariri chako, ijue Vim kidogo

Kihariri ni programu ya kuandikia msimbo na maandishi. Kwa kazi za kila siku natumia kiitwacho VS Code, na sina ugomvi na anayependa Notepad++. Kwa hiyo ya pili, kompyuta yenye RAM ya GB 4 itakushukuru. Chagua ambacho mashine yako inakibeba bila kuhema, basi. Lakini siku utakapoingia kwenye seva ya Linux kwa SSH (njia ya kuiendesha kompyuta ya mbali kwa kuandika amri), hakuna kipanya wala menyu. Ni skrini nyeusi, na mara nyingi kihariri cha vi au Vim, mrithi wake, ndicho kinachokungoja.

Mara ya kwanza niliifungua bila kujua. Naandika, herufi hazitokei, kishale kinarukaruka tu. Nikaishia kufunga dirisha zima. Kumbe ilitaka nibonyeze i kwanza ndipo niandike! Ukimaliza, bonyeza Esc, andika :wq kisha Enter. Faili limehifadhiwa na umetoka. Umevuruga? Esc, halafu :q! na Enter, mabadiliko yote yanatupwa. Ukipata nusu saa, andika vimtutor kwenye terminali ufanye mazoezi.

Usishangae ukiifungua bila faili ikakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Si utapeli: Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, aliwahi kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na michango ya watumiaji ilielekezwa huko.

Na kama Git (programu ya kutunza historia ya msimbo) inakufungulia Vim wakati huitaki, hamia nano, kihariri rahisi zaidi, kwa kuandika mara moja tu: git config --global core.editor nano