Ukienda Meteora kwa siku moja, uliza kwanza mtaingia monasteri zipi

Kabla hujalipia safari ya siku moja kutoka Athens kwenda Meteora, eneo la Ugiriki lenye monasteri zilizojengwa juu ya miamba mirefu, mwandikie mwendeshaji wa safari umtajie tarehe yako, kisha umwombe majina ya monasteri mtakazoingia ndani, si zile mtakazopiga picha kwa nje. Monasteri zinazokaliwa na watawa hadi leo ni sita, na kila moja ina siku yake ya kufungwa katika wiki. Majira ya baridi siku hizo huongezeka. Kutoka Athens ni kama kilomita 350 kwenda tu, kwa hiyo muda wa kukaa juu ya miamba ni mfupi mno kuupotezea kwenye mlango uliofungwa. Kama mna mzee au mtu anayeumwa magoti, ulizia Agios Stefanos: inafikiwa kwa daraja fupi, wakati Megalo Meteoro, iliyo kubwa kuliko zote, ina ngazi zinazohesabiwa kwa mamia. Hiyo peke yake inatosha kubadilisha uchaguzi wa safari. Jibu la "tutaona tukifika" mimi nalichukua kama hapana, natafuta mwingine. Mbinu hii haisaidii sana karibu na Pasaka ya Kiorthodoksi na sikukuu nyingine za kanisa, kwani ratiba hubadilika kufuata ibada. Hapo uliza tena siku moja kabla. Na mavazi: wanawake sketi ndefu, wanaume suruali ndefu, mabega yafunikwe.