Kufunga difu za 3.54 kwenye Land Rover Series III fupi

Land Rover yangu ni Series III fupi, ile ya inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, injini ya petroli ya lita 2.25. Kiwandani zilifungwa difu (gia za katikati ya ekseli zinazozungusha magurudumu) za 4.7: pinioni, ile gia ndogo, meno 10, na krauni, ile kubwa, meno 47, yaani pinioni huzunguka mara 4.7 krauni ikizunguka mara moja. Kwa kuvuta mzigo shambani hakuna difu nzuri kama hiyo. Lakini ukishika barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, injini inalia njia nzima na malori yanakupita. Difu ya Range Rover za zamani ni 3.54, meno 13 kwa 46, nayo inakaa kwenye ekseli ile ile bila kukata chuma. Injini ikizunguka kasi ile ile, gari linakwenda theluthi moja zaidi.

Kabla ya kununua, fikiria unakoishi. Anayepanda Lushoto na magunia ya viazi abaki na 4.7, maana injini hii itachoka mlimani. Na kama yako ni ndefu ya 109, ekseli ya nyuma ni ya aina nyingine, Salisbury. Difu yake haitoki nzima, njia hii haikufai.

Ninalolisisitiza ni hili: nunua difu nzima. Usikubali kuuziwa krauni na pinioni peke yake ukazifunge chini ya mwembe. Meno hayo husagwa pamoja kiwandani kama mapacha, na kuyapanga kunataka shimu (vibati vyembamba vya kusogeza gia) na geji inayopima vipande vya milimita. Hiyo ni kazi ya fundi wa difu mwenye vifaa vyake. Tena nunua mbili, mbele na nyuma. Ukibadilisha moja, siku utakayovuta magurudumu yote manne difu zitashindana mpaka kitu kivunjike.

Kwa muuza spea, hesabu mifereji ya ndani ya difu inamoingia shafti ya gurudumu: iwe 10. Range Rover za miaka ya mwisho zina 24, haziingii. Piga chaki kwenye krauni, zungusha flenji (sahani ya pinioni inayofungwa propela): krauni ikimaliza mzunguko mmoja, flenji iwe imezunguka mara tatu na nusu hivi. Mulika meno kwa tochi. Yakiwa yamemeguka, acha.

Sasa kazi. Zuia magurudumu kwa mawe kwanza, halafu weka stendi imara chini ya fremu. Handbreki ya Series inashika dramu iliyo nyuma ya gia boksi, si magurudumu. Ukishafungua propela ya nyuma, ile shafti ndefu inayotoka gia boksi kwenda ekseli, huna handbreki.

Nyuma ni rahisi. Mwaga oili, fungua bolti za flenji pale katikati ya gurudumu, vuta hafu shafti, zile zinazotoka difu kwenda magurudumu, za pande zote mbili mpaka ziachie difu. Toa propela, kisha nati zinazozunguka difu. Ni nzito, weka jeki chini yake na uwe na mtu wa kusaidia. Futa uso wa ekseli, weka gasketi mpya, pandisha difu. Matundu ya flenji yasipolingana na propela, hamisha flenji yako ya zamani, na weka alama kwenye nati ya pinioni kabla hujaifungua ili irudi pale pale.

Mbele ndiko kunakokula siku. Fungua tairodi (fimbo ya usukani inayounganisha magurudumu), mpira wa breki, na bolti zinazoshika lile tufe la chuma la nyuma ya gurudumu kwenye ekseli. Vuta tufe pamoja na shafti yake, jeki ikilibeba, pande zote mbili, kisha difu inatoka kama ya nyuma. Sili zikiwa zimechakaa, badilisha sasa hivi. Ukishafunga, toa hewa kwenye breki.

Jaza kila difu oili ya gia ya EP90 mpaka ichuruzike kwenye tundu la kujazia.

Spidomita inaendeshwa kutoka gia boksi, kwa hiyo sasa itakudanganya: ikisoma 60, wewe uko karibu 80. Bandika karatasi kwenye dashibodi mpaka utakapoirekebisha. Kwenye mteremko nao injini haitalishika gari kama zamani. Shuka na gia ndogo kuliko uliyozoea. Baada ya kilomita mia chache mwaga ile oili uichunguze: unga laini wa chuma ni kawaida, vipande ni dalili ya kufungua tena.