Somo: Soma maji juu ya kihami cha silikoni kabla cheche hazijakusomea

Kihami ni kile kinachoshika waya wa umeme kwenye nguzo bila kuuruhusu umeme upite. Vihami vya kauri na kioo, vile vikombe, tumevizoea: vikichafuka na kuloa vinanguruma, vikioshwa vinarudi kazini. Vihami vya polima, hasa vya raba ya silikoni, vina tabia zake, na wengi tunaendelea kuvikagua kwa jicho lile lile la kauri. Hapa tutakagua namna maji yanavyokaa juu ya raba. Kifaa chenyewe ni chupa ya kupulizia maji, kama ya kinyozi.

Kwanza elewa kinachotokea. Raba ambayo bado ni nzima haishiki maji, yanajikusanya kuwa matone. Kati ya tone na tone pakavu, kwa hiyo mkondo hauna njia. Hata hivyo pemitiviti ya maji (kipimo cha jinsi kitu kinavyoathiri uga wa umeme) ni takriban mara 80 ya hewa, na uga wa umeme unabanwa ukingoni mwa tone, pale maji, hewa na raba vinapokutana. Hewa kavu huvunjika karibu kilovoti 3 kwa milimita. Penye matone, korona (umeme mdogo unaovuja hewani) huweza kuanza uga wa juu ya raba ukiwa kama kilovoti 0.5 kwa milimita. Kwenye umeme wa hezi 50 tone huvutwa mara 100 kila sekunde: linatikisika, linarefuka kuelekea jirani yake, wakati mwingine yanaungana. Korona hiyo hutoa ozoni na mwanga wa urujuanimno, na penye unyevu hutokea asidi ya nitriki. Taratibu raba inaacha kukataa maji, na matone yanageuka utando.

Utando wenye chumvi unapitisha mkondo wa kuvuja. Mkondo unabanwa zaidi pale kihami kilipo chembamba, kwenye shina katikati ya visahani (zile sahani za raba zinazolizunguka), na hapo maji hukauka kwanza. Unapata mkanda mkavu. Laini ya kilovoti 132 ina takriban kilovoti 76 kati ya waya na ardhi, na sehemu kubwa ya hiyo sasa inaangukia kwenye mkanda wa sentimita chache. Cheche zinauruka. Zikirudia pale pale, raba inachomeka, inachimbika, na siku moja fimbo ya nyuzi za kioo iliyo ndani inaonekana. Kihami hicho hakina matibabu, shusha.

Hatua

1. Kazi hii hufanywa laini ikiwa imekatwa, imefungwa kwa kibali, imepimwa kuwa haina umeme na imewekwa ethi (imeunganishwa na ardhi) pande zote mbili. Kama huna mamlaka ya kupanda, omba kihami kilichoshushwa, ukikague chini.

2. Chagua eneo la sentimita za mraba 50 hadi 100. Anza visahani vya upande wa waya wenye umeme, maana uga ni mkali zaidi karibu na chuma cha upande huo. Usifute vumbi! Ukifuta umeharibu kipimo.

3. Simamisha chupa umbali wa kama sentimita 25. Puliza mara moja au mbili kwa sekunde, kwa sekunde 20 hadi 30.

4. Soma ndani ya sekunde 10. Ngazi za kukataa maji ni saba, HC1 hadi HC7, kwa mwongozo uliotoka STRI, taasisi ya utafiti wa umeme ya Uswidi, mwaka 1992. HC1 ni matone ya duara yaliyosimama wima. HC3 bado ni matone, ila yamelala na mengi si duara tena. HC4 michirizi ya maji inaanza kuonekana. HC7 ni utando mmoja eneo lote. Piga picha kwa mwanga wa ubavuni, mwanga wa mbele unaficha kingo.

5. Rudia juu, katikati na chini, tena upande unaopigwa na upepo wa bahari na upande wa pili. Kihami kimoja kinaweza kuwa HC2 mgongoni na HC6 usoni. Wastani wa namba hizo hauna maana yoyote, andika zote.

Maswali ya wanachama

Mkuu, huku Tanga laini hutoka (hujikata yenyewe) alfajiri ya kiangazi, masika inatulia. Si ingekuwa kinyume?
Hapana kaka. Mvua kubwa inaosha chumvi. Umande hauoshi, unailowesha tu na kuiacha hapo hapo. Mimi umande naujali kuliko masika.

Tuvioshe kwa sabuni ya unga?
Hapana. Kwenye IEC 60587, jaribio la kimataifa la kupima raba inavyostahimili cheche, sampuli huinamishwa nyuzi 45 na kutiririshiwa maji ya kloridi ya amonia kwa saa 6, na ndani yake hutiwa dawa ya jamii ya sabuni makusudi, ili maji yaishike raba. Wewe unataka kinyume chake. Tumia maji safi.

Nilisoma HC6, siku chache baadaye pakiwa pakavu nikapata HC3. Nimekosea?
Zote sahihi. Silikoni ina chembe za mafuta mepesi zinazopanda juu, hata zinapenya tabaka la uchafu, na raba inaanza tena kukataa maji. Inachukua saa kadhaa hadi siku. Vihami vya EPDM, aina nyingine ya raba, havina bahati hiyo. Andika tarehe na hali ya hewa kando ya kila namba.

Shikamoo mwalimu. Niko chuo, naweza kujaribu cheche nyumbani kwa transfoma ya taa za neoni?
Marahaba. Usithubutu, transfoma hiyo inaua. Fanya hatua ya 3 na 4 bila umeme: kipande cha raba ya silikoni, kipande cha kioo, chupa moja. Kisha nyunyizia vyote viwili vumbi la saruji, acha siku mbili, puliza tena na utuletee picha.