Wodini fungueni madirisha pande mbili
Jamani hivi mafua yamezagaa, mkienda kuona mgonjwa muombeni sista mfungue madirisha ya pande zote mbili, sio moja tu, maana mtu akikohoa vile virusi vinaelea hewani na upepo ukipata pa kuingilia na pa kutokea unavisukuma nje, dirisha moja hewa inazunguka hapohapo. Feni nayo isipite kwa anayekohoa ikampulizia wa kitanda cha pili, igeuzwe itazame dirishani. Lakini zile siku za maleleji hata pazia halitikisiki, hapo haisaidii sana, vaa barakoa uibane puani. Na chumba cha kutengwa usifungue chochote bila sista, hewa yenye virusi yaweza kutoka ikaenda koridoni. Ukiwa na kikohozi mwenyewe, tafadhali piga simu tu.